Sauti ya Katikati

Jumatatu asubuhi, siku ambayo huwa hafungui, kinyozi alitoa nje viti viwili vya wateja, akavitazamanisha barazani na kulaza mlango juu yake. Ulikuwa mlango wa mbao ngumu, upande mmoja una rangi ya kijani, upande wa pili umekuwa mweusi kwa moshi. Penseli ya seremala hakuwa nayo, hivyo alichora mistari kwa wanja wa binti yake. Kisha akaweka goti juu ya mlango, akashika msumeno wa kuazima na kuanza kukata.

Waliopita njiani waliutambua ule mlango, wakaongeza mwendo. Ulikuwa mlango wa ukumbi wa kushonea wa kiwanda cha mashati. Nyuma yake walikufa wanawake wengi, mke wa kinyozi akiwa mmoja wao. Kiwanda kilipobomolewa, muuza mbao na vyuma chakavu aliuza mabati, madirisha, masinki ya chooni, hata misumari. Mlango peke yake ulikosa mnunuzi. Ulisimama ukutani kwake hadi akaona unamfukuzia wateja, akamwambia kinyozi aje auchukue bure.

Kinyozi aliubeba mgongoni, kwa sababu hakuna mwenye mkokoteni aliyekubali. Alikusudia kuuchoma. Halafu akaona kuuchoma ni kuufanyia wema, maana ungekwisha kwa saa moja, na yeye alitaka kuukata kipande kwa kipande kwa mkono wake mwenyewe.

Baada ya moto ule serikali iliunda tume. Tume ilikaa kwenye ukumbi wenye feni, ikanywa chai, ikamsikiliza meneja wa kiwanda, ikaonyeshwa picha ya mlango, tena ya upande mmoja. Mwishoni ikatangaza kwamba mlango ulifungwa na msimamizi wa zamu, na kwamba ufunguo alikuwa nao yeye. Msimamizi wa zamu alikuwa mke wa kinyozi. Hakuwepo kujibu, jambo ambalo lilirahisisha sana kazi ya tume.

Tangu hapo mtaa ulimpa kinyozi kisogo. Vichwa vilienda kunyolewa kwingine. Jirani yake wa mkono wa kushoto, mama mmoja muuza mkaa, alimpoteza kitinda mimba wake ndani ya ukumbi ule. Kila alfajiri mama huyo alifagia kibanda chake, akalisukuma vumbi lote la mkaa hadi kwenye baraza la kinyozi, akaliacha hapo. Kinyozi alilizoa bila kusema neno. Angesema nini? Tume ilikuwa ya watu waliosoma, na walikuwa wamesema.

Alichokuwa akikikata ni maboksi ya spika, na habari ya spika hizo ilianza kabla ya moto. Redio ya kinyozi ilikuwa na spika iliyopasuka, na mkewe alikuwa akiisimanga kila alipokuja dukani. Alisema inaongea kama mtu aliyebanwa na mafua, na kwamba wateja wanalipa kunyolewa, hawalipi kuuguza redio. Siku moja alikwenda kwa fundi redio wa mtaani, bwana mrefu mwembamba ambaye watu humwita Antena, akanunua koni mbili ndogo za spika, kila moja upana wa kisosi cha chai. Alizifunga ndani ya shati lenye kasoro na kumkabidhi mumewe. Kilichobaki, alimwambia, ni maboksi tu, na boksi hata mtoto anaweza. Kinyozi akasema kesho. Kesho hiyo ikaingia chini ya kitanda pamoja na koni, na ikawa bado iko huko siku kiwanda kilipoungua.

Kinyozi alipokwenda kumwuliza Antena namna ya kuanza, Antena alizitazama koni, akazibonyeza katikati kwa kidole polepole, akaridhika.

"Hizi ni za watu wanaojifunza," alisema. "Koni moja inabeba kila kitu, sauti nzito na nyembamba. Zile spika kubwa zina kichujio ndani, hiki kiende huku, kile kiende kule. Hii haichuji. Ukiipa kitu, inakitoa kama kilivyo. Kwa mtu asiyejua chochote kama wewe, ndiyo yenyewe."

"Nina mbao tayari."

"Mbao gani? Chukua plaiwudi. Plaiwudi haijipindi."

"Nina mlango."

Antena alielewa ni mlango gani. Aliendelea kufungua redio ya mtu mwingine.

"Basi pima vizuri," alisema hatimaye. "Na usisahau unene wa mbao. Wote mnasahau unene wa mbao."

Kinyozi alisahau unene wa mbao. Boksi la kwanza liligoma kukutana pembeni, likabaki na ufa ambao kidole kingepita. Alitukana, akavunja, akakata upya, na maboksi yakawa madogo kuliko alivyokusudia. Tundu la koni alilitoboa kwa drili, vitundu vingi vimepangwa duara, kisha akalikwangua kwa tupa hadi mikono ikavimba. Mianya aliiziba kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mbao. Kwa ndani, badala ya pamba, alijaza mabaki ya vitambaa ambayo mkewe alikuwa akiyaleta kutoka kazini, yale ya mistari ya bluu. Binti yake alimshikia mbao alipofunga skrubu. Msichana huyo alikuwa amemaliza shule na alizunguka kutafuta kazi, na kila mahali, akishataja jina la mama yake, waliokuwa wakihoji walikumbuka kwamba nafasi imejaa.

Ni yeye aliyeyaona matundu. Yalikuwa manne, yamekaa pamoja kwenye kipande kimoja cha mbao, na katikati yake rangi ilikuwa imechubuka kwa kitu kilichogongagonga muda mrefu.

"Baba, hapa ndipo lilipokuwa komeo."

"Ndipo."

"Lakini huu ni upande wa kijani. Upande wa nje."

"Ndiyo, wa nje."

"Sasa Mama angefungaje akiwa ndani?"

"Kawaulize tume," kinyozi alisema, akakaza skrubu hadi kichwa chake kikakatika.

Hakuyaziba yale matundu. Aliyaacha yaonekane, ubavuni mwa boksi la kulia.

Jumatano yake spika ziliwekwa kwenye rafu iliyo juu ya kioo, moja kila upande. Binti ndiye aliyewasha. Redio ilikuwa ikipiga wimbo wa mapenzi, nao ulitoka vizuri, bila mafua. Ilipofika kiitikio, wimbo ulisogea pembeni na nafasi yake ikachukuliwa na cherehani nyingi. Zilikuwa mamia ya sindano kwa pamoja, na feni moja yenye kulalamika.

Kulikuwa na mteja mmoja kwenye kiti, mgeni wa mtaa. Aliuliza kama ni tangazo la biashara.

"Hapana, ni kiwanda," kinyozi alisema.

"Aha," mteja alisema, akainamisha kichwa ili anyolewe kisogoni.

Wakasikiliza. Upande wa kushoto wasichana walikuwa wakiteta kuhusu mmoja wao aliyechumbiwa na dereva. Walicheka. Kisha mmoja akauliza harufu ile ni ya nini. Cherehani zikaacha moja moja. Viti vikaanguka, watu wakakimbia, na ngumi nyingi zikaupiga mlango kwa ndani. Nyingine zilisikika kwenye boksi la kulia, nyingine la kushoto, kavu kabisa, maana mbao zilikuwa zile zile. Kutoka boksi la kulia, upande lilipokuwa komeo, akasikika meneja.

"Ufunguo anao msimamizi! Muulizeni msimamizi wenu!"

Na upande wa kushoto msichana mwenye sauti ya kitoto akaita, "Dada, fungua! Dada, tufungulie!"

Jibu halikuja. Pale ambapo msimamizi angejibu kulikuwa na mlio mwembamba tu wa hewa, kama bomba lililofungwa vibaya. Msichana aliita tena na tena. Baadaye kikawa kikohozi, na baadaye hata kikohozi hakikuwepo. Wimbo wa mapenzi ulirudi ukamalizia kiitikio, na mtangazaji akasema mchana huo kutakuwa na mawingu.

Muuza mkaa alikuwa amesimama mlangoni pa duka. Alikuwa ameisikia sauti ya mtoto wake akiwa kwenye mizani, akaja na mikono yake myeusi.

"Nimesikia," alisema. "Mtoto wangu anamwomba, na yeye kanyamaza."

Alirudi kwake, akachukua ndoo ya vumbi la mkaa, akaimwaga yote kizingitini mwa kinyozi. Jioni ile hakuna aliyekuwa hajapata habari. Wachache waliokuwa bado wanamsalimu kinyozi kwa kuona haya waliacha kuona haya.

Kesho yake kinyozi alitoa nyundo. Alikuwa amekwisha kuiinua juu ya boksi la kulia, mishipa ya shingo imemtoka, binti yake alipomshika mkono.

"Ngoja, Baba. Mama hakuwa mtu wa kunyamaza."

"Umesikia mwenyewe."

"Sijamsikia. Ndiyo maana nakuambia ngoja. Mama alikuwa anajibu hata usingizini. Umelala naye miaka yote hiyo, hujui?"

Kinyozi alijua. Alishusha nyundo. Binti alikwenda kumwita Antena.

Antena alikuja na bisibisi moja mfukoni. Alisimama katikati ya duka, akasikiliza kiwanda kuanzia cherehani hadi kikohozi, huku akigeuza kichwa taratibu kulia na kushoto. Hakulia, lakini alivua kofia. Kisha aliteremsha maboksi, akayageuza na kutazama nyaya nyuma.

"Umepishanisha," alisema. "Huku nyekundu iko penye nyekundu. Huku umeweka nyeusi penye nyekundu."

"Kwani kuna tofauti? Si zote zinapiga?"

"Zinapiga. Ila koni hii ikienda mbele, ile inarudi nyuma. Aliyesimama pembeni atasikika, kwa sababu yuko kwenye boksi moja. Aliyesimama katikati yuko kwenye yote mawili. Hili linamsukuma, lile linamvuta, mwisho wake hayupo." Alipuliza vumbi kwenye waya. "Ni kosa la wanaoanza. Kila mtu hulifanya mara ya kwanza."

"Na tume?" binti aliuliza.

"Tume haikuwa inaanza," Antena alisema, akapindua nyaya.

Waliwasha. Wimbo ulikuwa mwingine, ukasogea pembeni kama ule wa jana. Cherehani zikaja, lakini sasa ukumbi ulikuwa na upana, na kati ya boksi na boksi, mahali ambapo hapakuwa na kitu zaidi ya kioo na chupa za dawa ya nywele, alisimama mwanamke asiyeonekana, akasema, "Mnaochumbiwa na madereva, shoneni kola zimenyooka."

Kinyozi aliketi kwenye kiti cha wateja. Ilikuwa sauti yake, kwa urefu wake, juu kidogo ya bega la mtu aliyekaa. Mahali pale hewa ilikuwa na joto na harufu ya nguo iliyopigwa pasi. Binti alisogea karibu, lakini hakupita hapo katikati.

Harufu ya moshi ilipotajwa, viti vilipoanguka na ngumi zilipoanza, meneja alisema maneno yake ya jana kutoka boksi la kulia. Safari hii alijibiwa.

"Ufunguo sina! Ufunguo unao wewe, bosi, uko mfukoni mwako! Fungua, watu wanaungua!"

"Mashati yapakiwe kwanza," meneja alisema. Na hayo pia hayakuwa yamesikika jana, kwa kuwa aliyasema akiwa ameukaribia mlango, mdomo kwenye ufa wa katikati. "Nikifungua sasa mtalikimbilia lori. Subirini lori litoke."

"Bosi, kufuli liko kwako!"

"Nimesema subirini."

Lori lilisikika likiunguruma na kuondoka, limebeba mashati. Meneja naye alisikika akiondoka, mwendo wa kawaida, visigino vikigonga sakafu. Msichana wa upande wa kushoto akaita dada, fungua, na sauti ya katikati ikamwambia: "Sina ufunguo, mdogo wangu. Njoo huku chini. Chini kuna hewa. Shika aproni yangu, nikufunike. Laleni wote, msisimame, laleni."

Iliendelea kusema laleni mpaka ilipokwisha.

Kinyozi alilia kwa hasira, na hasira hiyo haikuwa na mlango wa kutokea. Mke wake alikuwa amewalaza watoto wa watu chini, amewafunika kwa mwili wake, kisha watu wenye tai wakaandika kwamba yeye ndiye aliyewaua. Naye, mume, alikuwa amezoa vumbi la mkaa kila asubuhi kana kwamba ni haki yake. Alitaka kumvunja mtu meno. Alimlipa Antena kwa kumnyoa.

Muuza mkaa hakuitwa. Alikuja mwenyewe siku ya pili aliposikia tena sauti ya mtoto wake, akiwa na ndoo mkononi tayari kumwaga. Alisikiliza akiwa amesimama. Ilipofika pale pa kushika aproni aliweka ndoo chini. Wimbo uliporudi alikaa kwenye kizingiti, juu ya vumbi lake mwenyewe.

"Alimfunika," alisema.

"Alimfunika," kinyozi aliitikia.

"Mimi nimekuchukia, baba, mpaka nikawa silali. Nimemchukia mtu asiyehusika." Alijifuta uso, ukabaki na mistari. "Sasa chuki yote hii niipeleke wapi?"

Alfajiri iliyofuata alifagia kuelekea barabarani. Halafu akaleta maji, akaosha baraza la kinyozi kwa brashi, naye kinyozi alipotaka kumsaidia alimfukuza.

Kutoka hapo watu walikuja. Wazazi, waume na kaka wa waliokufa walileta vigoda vyao. Kila mmoja alikaa kulingana na mahali ambapo mtu wake alisimama siku ile. Wenye watu wa meza za mwanzo walikaa kulia, wa meza za nyuma kushoto, na muuza mkaa alikaa karibu sana na katikati, ingawa si katikati yenyewe. Hapo hapakukaliwa na mtu. Wateja wengine walingojea zamu yao huku wakisikiliza kama wanavyosikiliza taarifa ya habari, na ikifika mwisho walisema pole, wakapanda kwenye kiti. Biashara ilirudi. Kinyozi alisalimiwa na kila mtu hadi mdomo ukachoka kuitikia.

Lakini salamu za mtaa hazikuwa zile alizozitaka. Jiwe la kumbukumbu lilikuwa limesimamishwa kwenye lango la kiwanda kipya, ng'ambo ya barabara kuu. Lilisema wafanyakazi hawa walikufa kwa uzembe wa msimamizi wao. Majina yote yalikuwepo, isipokuwa lake. Kinyozi alitaka maneno yale yafutwe na jina la mkewe liandikwe pamoja na wenzake. Hakutaka kingine. Muuza mkaa alikwenda kuketi mlangoni mwa ofisi ya wilaya na gunia lake, akasema haondoki mpaka mtu aje asikie, na kwa kuwa gunia lilikuwa linachafua zulia, mtu alikuja.

Alikuja ofisa aliyekuwa mwenyekiti wa tume, kwa gari jeusi, na ndani ya gari hilo alikuwemo meneja pia, ambaye siku hizi ni mkurugenzi. Duka lilijaa hadi nje. Ofisa alipewa kiti cha wateja. Meneja alisimama karibu na boksi la kulia bila kuambiwa.

Walisikiliza yote. Sauti ya meneja ilipotaja mashati, watu wote waligeuka kumtazama mwenye sauti.

"Huyo ni wewe?" ofisa aliuliza.

"Ni mimi," meneja alisema. "Siku ile nilikuwa na mafua kidogo."

Ofisa alitikisa kichwa kukubali. Ilipokwisha, alikaa kidogo akitazama spika.

"Umezitengeneza mwenyewe?"

"Mwenyewe, mheshimiwa."

"Hongera. Besi si nyingi, lakini kwa boksi la ukubwa huu mtu hawezi kulalamika. Sauti za watu zimetoka safi sana."

"Mheshimiwa, naomba jina la mke wangu lisafishwe."

"Ningependa," ofisa alisema, na ilionekana kweli angependa. "Shida ni moja. Tume ilikwisha kuvunjwa. Iliyosema ni tume, na ya kusema vingine lazima iwe tume, na tume haipo."

"Iundeni tena."

"Ili kuunda tume panahitajika jambo jipya. Hili si jipya. Umelisikia mwenyewe, ni la siku ile ile."

"Nyinyi mmejitia pamba masikioni!" muuza mkaa alipaza sauti. "Mtoto wangu anaungua hapo, umemsikia, halafu unazungumza habari ya besi!"

"Nimemsikia vizuri, mama. Ndiyo maana nimesifu spika."

Watu walinung'unika, mmoja akatukana matusi ya nguoni, na dereva wa gari jeusi akasogea mlangoni. Ofisa aliinuka, akapitisha kiganja juu ya boksi, akayagusa yale matundu manne.

"Mbao hii ni ya nini?"

"Ni ya mlango wa kiwanda," kinyozi alisema.

Ofisa alimgeukia meneja.

"Kiwanda kipya kina milango ya nini?"

"Ya mbao, mheshimiwa."

"Unaona, hapo ndipo pa kurekebisha."

Meneja alikubali kwamba hapo ndipo pa kurekebisha. Kabla ya kupanda gari alimwona binti, akamwuliza kama ana kazi. Alisema kiwanda kinajali familia za waathirika, na nafasi ya msimamizi wa zamu iko wazi.

Haikupita muda, milango yote ya mbao katika kiwanda kipya iling'olewa na kuwekwa ya chuma. Redio ilitangaza kwamba serikali imejifunza kutokana na msiba ule, na kwamba usalama wa wafanyakazi ndio unaotangulia. Tangazo hilo lilitoka dukani mwa kinyozi kupitia zile spika mbili, safi, bila kuchujwa. Wenye vigoda walilisikiliza wakiwa wamekunja mikono, na muuza mkaa akatema mate nje.

Kuhusu kazi, baba na binti waligombana. Kinyozi alisema afadhali wale mizizi.

"Nimezunguka kila mahali, Baba. Kila mahali!" binti alisema. "Na meneja nimemwambia hivi: nakuja, ila ufunguo nitakaa nao mimi. Usiku na mchana uwe kwangu. Amekubali."

"Amekubali kwa mdomo."

"Mbele ya watu. Msimamizi ndiye mwenye ufunguo, amesema hivyo hivyo. Na wale wasichana wa humo ndani, bora wakae na mimi au na mtu mwingine?"

Kinyozi alimtazama mkewe, yaani alitazama pale katikati, lakini redio ilikuwa imezimwa.

Binti alianza kazi. Alipewa aproni yenye mfuko mkubwa mbele. Siku ya kwanza alirudi na mfuko mtupu, akasema ufunguo bado unachongwa. Baadaye alisema mchongaji amesafiri. Baadaye akaacha kueleza. Alikuwa akitoka kazini anakaa dukani karibu na rafu kusikiliza, na sauti ya katikati ikisema sina ufunguo, yeye huingiza mkono mfukoni.

Siku moja binti alisahau chakula chake cha mchana. Kinyozi alimwacha mteja na povu kidevuni, akavuka barabara kuu na bakuli mkononi. Lilipo jiwe la kumbukumbu hakutazama. Alizunguka hadi ubavuni mwa ukumbi wa kushonea na kuukuta mlango mpya, mkubwa, umepakwa rangi ya kijani. Lori lilikuwa likipakiwa mashati. Mlinzi alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki akichokonoa meno.

Kinyozi alibandika sikio kwenye chuma. Kilikuwa cha moto kwa jua, kikamchoma, naye hakulitoa sikio. Alikaa hivyo kama mtu anayesikiliza moyo wa mgonjwa. Kwa mbali, nyuma yake, kulikuwa na cherehani nyingi. Chuma chenyewe hakikusema kitu, na ilikuwa wazi kwamba hakitasema kamwe.

"Nifungulie," alimwambia mlinzi. "Nina chakula cha binti yangu. Ndiye msimamizi humo ndani."

"Siwezi, mzee."

"Kwa nini huwezi?"

"Ufunguo anao msimamizi," mlinzi alisema.

Kufuli lilikuwa upande wao, kwenye komeo jipya, na ufunguo ulikuwa ukining'inia kwenye mkanda wa mlinzi. Kinyozi aliutazama, na mlinzi akamwona akiutazama. Kisha mlinzi alichukua bakuli, akaliweka kivulini chini ya kiti chake, akasema atampa akitoka.